Mimba ya Kwenye Karatasi

"Dufie, mwanangu, hii karatasi inasema una mimba."

Mchungaji wao, Osofo Donkor, hakupandisha hata sauti. Aliiweka karatasi ya maabara mezani, akaigeuza ili waisome wenyewe, kisha akavua miwani na kuanza kuifuta, maana hakutaka kuwatazama usoni.

Nkansah alikuwa amekaa kiti cha pembeni, mikono magotini. Mwaka mmoja na miezi miwili ya uchumba, huyu bwana hajalala na Dufie hata siku moja. Si kwamba alikuwa jiwe. Alikuwa ameahidi, na Nkansah akiahidi kaahidi. Sasa karatasi iko mezani na imeandikwa kwa mashine.

"Ni kosa?" akauliza. Hakumuuliza Osofo. Alimuuliza Dufie.

Na Dufie, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke anayenyamazisha watoto hamsini bila kushika fimbo, akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Najua unataka kuniuliza, si aseme tu kwamba hana mimba? Subiri. Dufie alijua kabisa hana mimba. Alijua pia kwamba maabara haijakosea. Mkojo uliopimwa ulikuwa wa mwenye mimba kwelikweli. Shida ni kwamba haukuwa mkojo wake.

"Naomba siku chache, Osofo," akasema, akiangalia sakafu.

"Siku chache za nini?" Nkansah akauliza. "Kuna cha kufikiria hapo?"

Akasubiri. Dufie akaendelea kuhesabu vigae. Basi Nkansah akainuka, akamshukuru Osofo kama inavyopasa, akatoka. Pikipiki yake ikawaka nje, ikaondoka taratibu, na upole huo ndio uliomuumiza Dufie kuliko kama angeondoka kwa fujo.

Harusi ilikuwa imebaki wiki tano. Ukoo wa Nkansah ulishakuja kuposa, kubisha hodi na chupa zao za kinywaji, na kina Dufie walishazipokea. Lakini kanisa lilikuwa na sheria yake: kabla ya ndoa, damu ipimwe na mkojo upimwe. Bibi harusi akikutwa na mimba, hakuna gauni jeupe wala madhabahu. Mnakiri mbele ya watu, mnakaa benchi la nyuma miezi sita, na meza ya Bwana mnaitazama kwa mbali.

Sasa mkojo wa mtu mwingine ulifikaje huko? Hapo turudi nyuma kidogo.

Dufie akiwa na miaka saba, aliamka asubuhi moja macho hayafunguki kwa kuvimba. Ikafuata miguu, likafuata tumbo. Hospitali wakasema figo zake zinavujisha protini, inatoka kwenye mkojo wakati inatakiwa kubaki mwilini. Vidonge alivyopewa vikaondoa uvimbe wa tumbo vikamjaza mashavu. Akapona, akavimba tena, akapona, akavimba. Shuleni wakambatiza Bofrot, yale maandazi ya mjini kwao Kumasi yanayotumbukizwa madogo kwenye mafuta na kutoka yamevimba mviringo. Mama yake, Maame Konadu, hakulia mbele za watu. Alimhamisha shule, na kwenye ukoo akatangaza kwamba mtoto ana malaria sugu. Kwao ndoa haifungwi mpaka ukoo mmoja umeuchunguza mwingine, kuna kifafa, kuna wazimu, kuna maradhi ya kurithi? Mama mwenye binti mgonjwa hujifunza mapema kufunga mdomo.

Miaka kumi na sita, uvimbe ukakoma. Daktari akasema kila mwaka aende apimwe presha na mkojo, maisha yake yote. Alienda miaka minne akaacha. Hakuna kilichokuwa kinauma, na kila akikaa benchi la kliniki alijiona yuleyule Bofrot.

Sasa ana ishirini na tisa. Mwaka jana mkojo ulianza kutoa povu, povu lisiloondoka hata ukimwaga maji. Kichwa kikawa kinamgonga asubuhi. Akaenda zahanati ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayemjua. Presha juu, protini nyingi, akapewa vidonge na barua ya kwenda hospitali kubwa. Alirudi nyumbani, akaikunja ile barua, akafua nguo zake kana kwamba hakutoka.

Kwa hiyo Osofo alipowapa orodha ya vipimo, Dufie alijua mkojo huo hautatazamwa mimba tu. Protini nayo ingeandikwa palepale, na Nkansah angeisoma. Damu akatoa mwenyewe. Mkojo waliambiwa walete wa kwanza wa asubuhi kutoka nyumbani. Ndipo akamwendea Takyiwaa.

Takyiwaa ni binti wa mama yake mdogo, miaka ishirini na miwili, anajifunza kusuka, wanaishi nyumba moja. Dufie alimwambia yuko kwenye siku zake, damu itaharibu kipimo, na Osofo anataka karatasi upesi. Takyiwaa alicheka mpaka akakaa chini. Alisema basi na yeye kachangia harusi, asisahauliwe kwenye sare.

Kutoka ofisini kwa Osofo, Dufie alinyoosha moja kwa moja mpaka saluni. Akamvuta Takyiwaa uani, kwenye kamba za taulo.

"Nilikuomba mkojo, Takyiwaa. Sikukuomba mimba."

"Mimba gani?"

Dufie akamtazama tumbo. Takyiwaa akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika kidole cha nne, akarudia, mkono ukamshuka. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alilia kidogo, akafuta uso kwa taulo ya mteja, kisha akasimama na kufunga kitambaa chake vizuri.

"Twende kwa Osofo. Nitasema mkojo ni wangu."

"Usithubutu."

"Dada, mchumba wako anakuona mzinzi. Umesikia? Mzinzi."

"Ukisema ni wako, ataniuliza wangu niliuficha kwa nini."

"Si ulikuwa kwenye siku zako?"

Dufie akatazama taulo. Takyiwaa akamsogelea, akashusha sauti.

"Una virusi?"

"Hapana. Damu nilitoa mwenyewe, ni safi."

"Sasa ni kitu gani hicho chenye aibu kuliko umalaya?"

Dufie akanyoosha taulo moja kwenye kamba.  Akasema anachelewa kusahihisha madaftari.

Nyumbani, Maame Konadu alisikiliza yote huku akichambua nyanya chungu, wala hakushtuka. Alisema dawa ni ndogo. Waseme maabara imekosea, kipimo kirudiwe, na safari hii atatafuta mkojo wa uhakika. Jirani yao mmoja ana miaka sabini na tatu, huyo hana mimba hata kwa bahati mbaya.

Dufie akacheka. Kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho.

"Maame, mpaka lini nitaazima mikojo ya watu?"

"Mpaka uvae pete." Mama yake akaweka kisu chini. "Nilikubeba mgongoni na tumbo lako limejaa maji, wenzangu wananiuliza nimemkosea mungu gani. Mimi kule sirudi, na wewe sikurudishi."

Siku tatu Nkansah hakupiga simu. Dufie alifundisha, akala, akalala, na kila akimkuta mtu njiani alihisi mtu huyo amesoma ile karatasi. Hakuwa na pa kuuweka uso. Na bado, aibu ya mimba isiyo yake aliibeba. Ile nyingine, ya mkojo wake mwenyewe, ndiyo iliyomshinda kuigusa. Mara ngapi amekaa mezani kwa mama yake Nkansah, supu ya chikichi imewekewa samaki wa chumvi, naye, aliyekatazwa chumvi tangu utotoni, anamsogeza samaki pembeni ya sahani akisema hampendi? Mama wa watu alifikiri anaringa. Dufie alimwacha afikiri hivyo.

Ijumaa mchana, ujumbe ukaingia.

"Sikuulizi ni ya nani. Nimemwambia Osofo ni yangu. Jumapili nitasimama nikiri mbele ya kanisa. Wewe kaa tu, usiseme neno. Mtoto hatazaliwa bila mtu wa kumpa jina."

Aliusoma mara tatu akiwa amesimama mbele ya darasa, mpaka watoto wakaanza kunong'onezana. Akapiga. Haikupokelewa. Akaandika: "Nkansah, usifanye hivyo, nakuomba." Akaandika tena: "Tuonane. Dakika tano tu."

Jibu likaja jioni.

"Nikikuona nitauliza. Na sitaki kuuliza."

Jamani, kuna wema unaokaba koo. Nkansah ndiye kiongozi wa kwaya. Sauti yake nzito ndiyo inayoanzisha kila wimbo. Mtu huyo alikuwa anakwenda kujivua heshima mwenyewe mbele ya watu mia tatu kwa dhambi ambayo hakuionja. Jumamosi Dufie alikwenda kwenye karakana yake ya kutengeneza friji, akakuta kufuli. Jirani akamwambia Nkansah kaenda Mampong kwa mama yake, ana jambo la kumwambia. Dufie akashika lile kufuli kwa muda, kisha akarudi kwao.

Jumapili ikafika. Nkansah hakuvaa joho la kwaya, alivaa shati la kawaida, akakaa peke yake. Mama yake, Mama Asabea, aliyekuja naye kutoka Mampong, alikuwa benchi la mbele na kitambaa cha kichwa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Dufie alikaa katikati, Maame Konadu kulia kwake, Takyiwaa kushoto.

Matangazo yalipokwisha, Osofo akasema kuna ndugu ana neno. Nkansah akaenda mbele. Alishika kipaza sauti kama kinamchoma.

"Mimi Nkansah, nimemkosea Mungu na nimelikosea kanisa. Mimi na mchumba wangu..."

Minong'ono ikaanza upande wa kwaya. Mkono wa Maame Konadu ukabana goti la Dufie.

"Tulia," akamnong'oneza. "Dakika mbili tu yatakwisha."

Dufie akauondoa ule mkono, akasimama.

"Anadanganya."

Kanisa zima likageuka. Mtu anayefundisha watoto hamsini hahitaji kipaza sauti.

"Nkansah hajawahi kunigusa. Na mimi sina mimba. Mkojo niliouleta haukuwa wangu."

"Dufie, keti," Osofo akasema upesi. "Tutaongea ofisini."

"Hapana, Osofo. Yeye amesemea hapa, na mimi nitasemea hapa."

Kuna mwanamke nyuma akauliza ulikuwa wa nani. Takyiwaa akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Dufie akasema hilo haliwahusu. Akashika benchi la mbele yake kwa mikono miwili.

"Wangu una protini. Figo zangu ziliugua nikiwa na miaka saba, na hazijakaa sawa mpaka leo. Presha yangu iko juu, na sijajitibu. Nilificha ili niolewe. Huyu hana kosa lolote."

Akakaa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka kwenye masikio, ya moto, na hakukuwa na mahali pa kukimbilia kwa sababu watu walikuwa wameziba njia zote kwa macho. Osofo akaanzisha wimbo mwenyewe, akaukosea.

Nje, baada ya ibada, Mama Asabea alimfuata Maame Konadu moja kwa moja.

"Nilimtuma mtu kwenu kuuliza. Mkamwambia nyumba yenu haina ugonjwa."

"Ungekuwa wewe ungesema?"

Mama Asabea akajifunga upya kitenge chake kiunoni.  Akaondoka bila kuaga.

Nkansah alikuwa nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji. Dufie akaenda akasimama mbali naye hatua kadhaa.

"Kwa hiyo unaumwa figo," Nkansah akasema.

"Ndiyo."

"Na ukakaa karibu wiki nzima, ukaniacha niamini umelala na mwanaume mwingine."

"Ndiyo."

"Ulikubali nikuone malaya. Mgonjwa hapana."

 Dufie alikuwa na jibu lake, na lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilimtoka vibaya.

"Malaya watu humsamehe, Nkansah. Mgonjwa humkimbia."

"Watu gani? Mimi uliniuliza?"

Dufie akatazama bomba la tangi linalodondosha.

"Nimemliza mama yangu kule Mampong kwa kitu ambacho hakipo," Nkansah akasema. "Nimeshika kipaza sauti nikadanganya mbele ya Mungu. Na wewe ulikuwa umekaa pale. Usinipigie kwanza."

Wazee wa kanisa walikaa kikao kirefu, maana kitabu chao kilikuwa na adhabu ya mtu aliyeficha dhambi, hakikuwa na adhabu ya mtu aliyekiri dhambi ambayo hakuitenda. Mwisho wakaamua uongo ni uongo. Wote wawili, benchi la nyuma, miezi mitatu, na harusi isubiri. Nkansah akakaa ncha ya kulia, Dufie ncha ya kushoto, na katikati nafasi ya watu sita ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Watoto wa darasa lake waligeuka kumpungia mkono, mama zao wakawageuza vichwa.

Takyiwaa mwenyewe alimweleza mama yake habari ya mimba, na ukoo wa kijana aliyempa ukaja kuomba radhi. Maame Konadu aliacha kuongea na Dufie kwa wiki mbili, kisha siku moja akapika mchuzi bila chumvi kabisa, akautenga mezani, akala naye bila kusema neno. Ulikuwa mbaya sana. Wakaumaliza.

Dufie akaitafuta ile barua ya zahanati, akaikunjua, akaenda nayo hospitali kubwa. Wakachukua damu, wakachukua mkojo, wake, wakampangia siku ya kuonana na daktari.

Jumapili ya tatu ya benchi la nyuma, katikati ya mahubiri, Nkansah akasogea hadi karibu naye. Hakugeuza kichwa.

"Kliniki ni lini?"

Dufie alidhani amesikia vibaya. "Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

Akarudi kwenye ncha yake. Dufie hakulala vizuri mpaka Jumatano.

Alimkuta ameshafika, amekaa na shati la kazi, nafasi moja ameizuia kwa kofia yake. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Jina likaitwa. Nkansah akamtazama, kuuliza. Dufie akatikisa kichwa kukubali, wakaingia wote wawili.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno. Alisema figo bado zinafanya kazi, ila si kazi ya figo za mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Kuna makovu ya tangu utotoni, na presha ambayo haikutibiwa imeongeza mengine. Vidonge kila siku, huenda maisha yote. Chumvi kidogo. Kurudi kliniki bila kukosa. Kuhusu mtoto, inawezekana, lakini si kwa kushtukiza: mimba yake itakuwa na hatari kuliko za wengine, itahitaji kuangaliwa kwa karibu, na dawa moja kati ya hizo haifai kabisa kwa mwenye mimba.

"Kwa hiyo siku mkiamua, mnakuja kwangu kwanza," akasema. "Sitawadanganya kwamba ni rahisi."

Nkansah alikuwa anatazama mikono yake. Dufie hakuweza kuusoma uso wake. Alijua Nkansah akiinuka sasa hivi na kuondoka, hakuna mtu Kumasi nzima atakayemlaumu.

Daktari akavuta fomu. "Utotoni ulivimba mara ngapi?"

"Kama mara mbili hivi," Dufie akajibu. Jibu lilitoka lenyewe. Ndilo alilofundishwa na mama yake, ndilo aliloandika kwenye kila fomu tangu amejua kuandika.

Daktari akaandika mbili.

Dufie akaitazama ile mbili. 

"Futa, daktari," akasema. "Mara kumi na moja."

Nkansah akageuka. Aibu ikampanda Dufie palepale inapopandia siku zote, shingoni, mashavuni, masikioni. Akaiacha ipande.

"Kumi na moja," akarudia. "Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na sita, nililazwa mwezi mzima, tukasema nimeenda kwa shangazi. Halafu nilikaa miaka bila kupima. Mwaka jana walinipa vidonge vya presha, nikavitupa chooni ili nyumbani visionekane."

Akakomea hapo. Akasikia kiti cha Nkansah kikikwaruza sakafu. Hakuthubutu kuangalia. Kiti kikakwaruza tena, mpaka bega la Nkansah likagusa lake.

"Endelea," Nkansah akasema. "Nasikiliza."